Uzi kuhusu uzi: "ret", "scutch", "hackle", "swipple"... zana na kazi za kitani katika Kiingereza cha zamani, kwa Kiswahili tunaziitaje?

Tafsiri_Taratibu
Wakuu, salaam. Kazi iliyopo mezani ni orodha ya zana za mashamba ya Uingereza na Ireland ya kabla ya mashine. Nusu ni zana za nafaka, nusu ni za kutoa nyuzi kwenye kitani. Kamusi za kawaida zinapotosha tu. Ukitafuta "hackle" unaletewa manyoya ya shingo ya jogoo. "Ripple" inakuwa kiwimbi, "brake" breki ya gari, "tow" kuvuta gari bovu.

Yanayosumbua: ripple, ret, brake, scutch, swingle, hackle, shive, hards, tow, line, strick, distaff. Upande wa nafaka: flail, handstaff, swipple, snath, strickle.

Rasimu ya kwanza imeandika "katani" kwa flax, "kuozesha" kwa ret, na "kuchana" kwa hackle. Rekebisheni bila huruma.

Mabua Makavu
Anza na katani, maana hilo likipita litaharibu ukurasa mzima. Flax ni kitani: mmea mwembamba wa maua ya buluu, urefu kama sentimita 80 hadi 120, nyuzi zake zimo kwenye bua, na nguo yake ndiyo ile kitani safi ya kwenye Biblia. Katani kwetu ni mkonge, nyuzi zinatoka kwenye jani. Majina yote mawili yametoka kwenye Kiarabu kattan, ambacho ni kitani chenyewe, ndiyo maana watu huyachanganya. Biblia imeshakutafutia na neno la mmea uliovunwa: Yoshua sura ya 2, Rahabu anawaficha wapelelezi kwenye mabua ya kitani aliyoyatandaza darini. Basi "mabua ya kitani" tumia hivyohivyo.

Sasa fuata mnyororo wa kazi. Maneno hayo si visawe, kila moja lina hatua yake.

Kitani hung'olewa, hakikatwi. Ung'oaji huanza kama siku 100 baada ya kupanda, sehemu ya chini ya bua ikishageuka njano na majani yake yakianza kupukutika. Ukikata kwa mundu unapoteza urefu, kwa sababu nyuzi zinashuka karibu na mzizi, na ncha iliyokatwa inaozeshwa na maji kabla ya bua zima. Ukiwahi mno nyuzi ni laini lakini dhaifu. Ukichelewa unapata mbegu nzuri na nyuzi ngumu kama waya.

"Ripple" ndiyo hatua inayofuata. Ni chanuo kubwa la meno ya chuma, limekazwa kwenye ubao au benchi. Unashika konzi ya mabua upande wa mizizi, unazipiga ncha kwenye meno na kuvuta, vitumba vya mbegu vinabaki nyuma. Watu wawili wakikaa pande mbili za chanuo hupokezana: huyu anapiga, yule anavuta. Kosa la kawaida ni konzi kubwa mno: mabua ya katikati hayaguswi na meno, na ya nje yanakatika. Kiswahili chake ni "kupukuchua", kama tunavyopukuchua mahindi. Chombo kiite "chanuo la kupukuchulia".

Kisha "ret". Hapo "kuozesha" si sahihi, lakini ngoja wengine waseme.

Bi Makumbi
Niseme mimi, maana kazi hiyo Unguja ipo mpaka leo, ila kwa makumbi ya nazi.

Ret ina undugu na "rot", kwa hiyo kuoza kumo ndani yake. Lakini ukiandika "kuozesha" msomaji ataona kitu kimeharibika. Kazi yenyewe ni kuoza kwa kipimo: kinachooza ni ile gundi inayoshika nyuzi, inaitwa pektini, na nyuzi zenyewe zinatakiwa zibaki nzima. Kiswahili kina neno la namna hiyo tangu zamani: kuvundika. Ndizi unazivundika ziive, huziozeshi. Andika "kuvundika kitani".

Jambiani na Paje kina mama hufukia makumbi kwenye tope la pwani, pale ambapo maji yakijaa yanafunika na yakitoka panaonekana. Juu huwekwa mawe ili bahari isichukue. Yanakaa miezi kadhaa, kisha yanafukuliwa, yanapigwa kwa gongo, yanaoshwa na kuanikwa. Unga unapukutika, usumba, yaani nyuzi za makumbi, unabaki. Likifukuliwa mapema, unga haubanduki kwenye usumba hata ulipige kutwa. Likipitiliza, kamba inakatika mkononi wakati wa kupota. Wenye kitani wana tatizo lilelile, ila wao wanahesabu siku, si miezi.

Korona Namba Mbili
Mkonge je? Si nao ungeweza kuwekwa hapo hapo kama mfano, Watanzania wengi waelewe?

Bi Makumbi
Hapana ndugu yangu. Mkonge hauvundikwi.

Mabua Makavu
Bi Makumbi yuko sahihi. Jani la mkonge linatakiwa lipite kwenye korona, mashine ya kuparulia mkonge, likiwa bichi. Likilala siku mbili tatu baada ya kukatwa, utomvu unakauka, nyama ya jani inagandamana na singa, yaani nyuzi za mkonge, na singa inatoka na madoa. Mashine inaparua nyama kwa ngoma yenye visu butu huku maji yakimwagwa. Hakuna bakteria anayesubiriwa. Kwa uzito wa jani bichi, singa ni kama asilimia 4 tu, mengine yote ni maji na makapi. Kwa hiyo ukitafsiri "decorticate" sema kuparua, na ukitafsiri "ret" sema kuvundika. Zikichanganywa, msomaji wa Korogwe atacheka.

Kuvundika kitani kuna njia mbili na Kiingereza kinazitenganisha.

Ya kwanza ni ya umande. Mabua hutandazwa kwenye majani mafupi, tabaka jembamba, wiki tatu hadi sita kufuatana na mvua na joto. Kuvu ndiyo inayofanya kazi. Lazima yageuzwe, la sivyo upande wa chini unapitiliza na wa juu unabaki mbichi, na kwenye konzi moja utakuwa na nyuzi za rangi mbili. Nyuzi zake hutoka za kijivu.

Ya pili ni ya maji, na Ulster, kaskazini mwa Ireland, ilikuwa maarufu kwayo. Walichimba bwawa la kina kama cha mita moja, wakalijaza maji laini yasiyo na chuma, kwa sababu maji ya chuma yanatia nyuzi madoa yasiyotoka. Matita, ambayo wenyewe huyaita "beets", yalisimamishwa mizizi ikiwa chini, yameinama kidogo, na juu yakakandamizwa kwa mawe na magamba ya udongo wenye nyasi. Siku chache baadaye gesi inaanza kutoka na matita yanataka kuelea, inabidi mawe yaongezwe. Yakishaacha kutoa povu yanazama yenyewe. Maji yakiwa ya vuguvugu kazi huisha kwa wiki moja, yakiwa baridi wiki mbili.

Kipimo cha kuiva hakiko kwenye kalenda. Chukua mabua matano sita kutoka katikati ya tita, si ya pembeni. Livunje bua mahali pawili, nafasi ya kama sentimita 15 katikati, kisha vuta ule mti wa ndani. Ukichomoka mzima, safi, bila kuondoka na nyuzi, toa mabua bwawani saa hiyohiyo. Siku moja ya ziada kwenye maji ya joto inatosha kuharibu bwawa zima.

Pwani Kwetu
Na harufu?

Mabua Makavu
Kama choo kilichofurika. Na si harufu tu: maji ya bwawa hayabaki na oksijeni, yakifunguliwa mtoni samaki wanakufa. Ndiyo maana chini ya mfalme Henry VIII Uingereza ilitunga sheria ya kukataza kuloweka kitani na hempu (mmea mwingine wa nyuzi) kwenye mito ambako mifugo inanywa.

Tafsiri_Taratibu
Kuvundika imepita, asanteni. Sasa brake, scutch na swingle. Orodha inaonyesha vitu vitatu tofauti, lakini maelezo yote yanasema "kupiga kitani".

Fundi Tezo
Hapo ni rahisi ukitazama umbo la zana.

"Brake" ni taya la mbao. Chini kuna mbao mbili tatu zilizosimama kwa ukali wake, juu kuna mbao zinazoingia kwenye nafasi za zile za chini, upande mmoja zimeshikwa na pini, upande mwingine kuna mpini. Unalaza konzi ya mabua katikati, unapiga taya huku mkono wa pili unasogeza mabua. Mti wa ndani unavunjika vipandevipande, nyuzi zinapinda bila kukatika. Ite "taya la kuvunjia", na kazi ni "kuvunja mabua".

Masharti ni moja: mabua yawe makavu kabisa, yanalia yakikunjwa. Yakiwa na unyevu yanapinda badala ya kuvunjika, na mtu hudhani dawa ni kupiga kwa nguvu zaidi. Hapo ndipo nyuzi zinapokatika. Ireland, nchi ya mvua, walikuwa wakiyakausha kwa moto, na vibanda vingi viliungua.

"Scutch" inakuja baadaye. Vipande vya mti vimeshavunjika lakini bado vimening'inia kwenye nyuzi. Unasimamisha ubao, unaninginiza konzi juu ya ukingo wake, na kwa upanga wa mbao usio na makali unapiga kuelekea chini, ukiteleza sambamba na ubao. Usipige kukata. Pigo la kukata linatoa nyuzi fupi, na nyuzi fupi ni hasara. Upanga ni wa mti mgumu uliosuguliwa laini, kwa sababu kibanzi kimoja kikijitokeza kinanasa na kung'oa.

Neno lenyewe limepitia Kifaransa cha zamani kutoka Kilatini excutere, maana yake kukung'uta. Kwa hiyo usiandike "kupiga". Andika "kukung'uta kitani". Na "swingle" ni zana ya kazi hiyohiyo kwa jina la upande wa Kiholanzi: ni ule upanga wenyewe. "Upanga wa kukung'utia" unatosha kwa yote mawili. Inapendeza kujua kwamba "swing" katika Kiingereza cha kale ilikuwa na maana ya kuchapa, si kubembea.

Tafsiri_Taratibu
Fundi, umenimaliza. Na vile vipande vinavyodondoka?

Fundi Tezo
Hivyo ndivyo "shive". Ni mti, si nyuzi. Walivichoma au kuvitandika chini ya mifugo. Andika "makapi ya bua". Usiandike "pumba", pumba ni ya nafaka.

Korona Namba Mbili
Sawa, nimekubali mkonge hauvundikwi. Lakini kwenye tow mtanihitaji, kwa sababu neno hilo liko Tanga mpaka leo.

Singa ikitoka korona inaanikwa kwenye waya, kisha inapelekwa kwenye brashi. Brashi inanyoosha na kuondoa vumbi. Zile nyuzi fupi zinazodondoka hapo zinakusanywa, na katika madaraja ya mkonge wa Afrika Mashariki zinauzwa kwa jina lake zenyewe, tow. Singa ndefu ndiyo inayopata namba 1 na nyinginezo, na inafungwa kwenye marobota ya kilo 250. Kwa hiyo neno la wasokota kitani wa Uingereza ya kale lilipanda meli na wenye mashamba na likabaki kwenye karatasi za madaraja.

Mabua Makavu
Hoja safi sana, na inasaidia kueleza jozi ya "line" na "tow". Baada ya kukung'uta, nyuzi zinachanwa kwenye hackle: ubao wenye miiba ya chuma iliyosimama, misumari mirefu yenye ncha kali. Kinachobaki mkononi, kirefu na kilichonyooka, ni line. Kinachobaki kwenye miiba ni tow. Line ni lile lile neno la kale līn, kitani, ndugu wa Kilatini linum, na linen imetoka humo, na linseed, yaani mbegu ya kitani. Nadhani hata "lining" ya koti wengi hawajui kwamba mwanzo ni bitana ya kitani.

Namna ya kuchana: shika konzi katikati, zungusha kwenye kidole isiteleze. Anza na ncha, sentimita chache tu, kisha kila pigo ingia ndani zaidi. Ukianza katikati unafunga fundo na miiba inang'oa konzi nzima. Nusu moja ikisha, geuza. Kwanza miiba mikubwa yenye nafasi pana, kisha ya kati, mwisho ile mizuri iliyosongamana. Anayeruka hatua ili kuokoa muda anageuza nusu ya line kuwa tow. Konzi iliyokamilika inasokotwa kidogo na kulazwa, hiyo ndiyo "strick". Andika "kole"? Hapana, kole ni la nazi. "Konzi ya kitani" inatosha.

Na "hards", au "hurds", ni tow iliyo chini kabisa, imechanganyika na makapi. Ilitumika kwa magunia na kamba za hali ya chini.

Pwani Kwetu
Kwa hiyo wale wanaoitwa "heckler" kwenye mikutano ya siasa...

Mabua Makavu
Ndiyo, hackle na heckle ni neno moja. Huko Uskoti kumhoji mgombea mbele ya watu mpaka abaki mtupu kuliitwa kumheckle, kumpitisha kwenye miiba. Wachanaji wa Dundee walijulikana kwa midomo.

Bi Makumbi
Lakini "kuchana" peke yake haitatosha, Tafsiri. Sufu na pamba nazo zinachanwa. Orodha yako ikiwa na "card" utafanyaje?

Tafsiri_Taratibu
Ipo! Ukurasa wa pili, "wool cards, pair". Niliandika "vitana".

Fundi Tezo
Card na hackle ni kazi zinazopingana. Hackle inanyoosha: nyuzi zote zilale upande mmoja na fupi zitoke. Card ni vibao viwili vya waya mfupi uliopinda, vinasuguana, vinachambua na kuchanganya nyuzi mpaka ziwe wingu jepesi. Fupi hazitolewi, zinabaki ndani. Line ya kitani haiendi kwenye card hata siku moja. Tow inaweza.

Usitumie "kuchambua" kwa card, kwa sababu kuchambua pamba ni kutenganisha mbegu, Mwanza na Shinyanga wote watakusoma hivyo. Andika "vibao vya kutimulia sufu", na kazi "kutimua". Hackle iwe "chanuo la miiba". Ripple ni "chanuo la kupukuchulia". Zote chanuo, lakini kazi imetajwa.

Kalafati
Nimepita kimya mpaka hapo kwenye tow. Angalia kama orodha ina "oakum". Mara nyingi inaandikwa jirani.

Tafsiri_Taratibu
Ipo. Niliiruka, nikadhani inahusu mti wa mwaloni, "oak".

Kalafati
Haina mwaloni ndani. Kiingereza cha kale ni ācumba, "kilichochanwa kikatoka": sehemu ya pili ni comb. Mwanzo ilikuwa tow yenyewe. Baadaye ikawa nyuzi za kamba kuukuu za hempu zilizofumuliwa, zikatiwa lami, na kukandamizwa kwenye nafasi za mbao za meli. Kufumua kamba hizo kwa vidole ilikuwa kazi ya wafungwa na maskini wa Uingereza karne ya 19.

Kiswahili kinalo. Kazi hiyo ni kukalafati. Kwenye jahazi letu huingizwa pamba iliyolowa mafuta, kwa patasi butu na nyundo, na chini ya maji hupakwa deheni ya mafuta na chokaa. Tofauti ni malighafi tu. Oakum andika "nyuzi za kalafati". Pigo likiwa jepesi zinatoka bahari ikichafuka, likiwa zito mno zinasukuma mbao ziachane na kufungua mahali pengine.

Mpura Mpunga
Upande wa nafaka mmeutupa. Nimalize haraka.

Flail ni fimbo mbili zilizoungwa. Ndefu ya kushika ni handstaff, karibu mita moja na nusu, ya mti mwepesi na mnyumbufu, kwao ash. Fupi ya kupiga ni swipple au swingle, karibu mita moja, ya mti mzito kama holly. Unaona swingle imerudi: ni ile ile ya kuchapa. Katikati kuna kiungo cha ngozi, na ngozi ya samaki mkunga ilipendwa kwa sababu haikatiki upesi kwa msuguano. Andika "fimbo ya kupuria", "mpini", "kipurio".

Kipurio lazima kitue chali, urefu wake wote kwa wakati mmoja, karibu na masuke. Kikitua kwa ncha kinapasua punje na kuruka kumrudia mwenyewe kichwani. Sakafu nayo iwe ya udongo uliopondwa au mbao. Mawe yanavunja ngano.

Snath ni mpini mrefu uliopinda wa scythe, na vishikio viwili vya juu yake huitwa "nibs". Scythe usiite fyekeo, kwa sababu fyekeo letu halina vishikio. "Mundu mrefu" litaeleweka.

Strickle ina mtego. Kwanza ni kipande cha mti cha kunolea scythe, kimetobolewa vishimo, kinapakwa mafuta ya mnyama na kunyunyiziwa mchanga mkali. Pili ni kijiti kilichonyooka cha kupitisha juu ya kipimo cha nafaka ili kijae sawa na ukingo. Hiyo ya pili Kiswahili kimeshaijua: pishi ya mfuto. Tazama imewekwa na nini kwenye orodha. Ikiwa jirani ya scythe, ni "kinoo cha mti". Ikiwa jirani ya kipimo, ni "kijiti cha mfuto".

Tafsiri_Taratibu
Ipo chini ya "bushel, oak, iron-bound".

Mpura Mpunga
Basi ni mfuto.

Bi Makumbi
Distaff imebaki. Ni kijiti cha kufungia kitani wakati wa kusokota: dis ni furushi la kitani, staff ni fimbo. Andika "kijiti cha furushi". Wasokotaji walilowesha vidole, kwa mate au maji, maana pektini iliyosalia inalainika ikilowa na uzi unatoka laini. Ukisokota kitani kikavu uzi unajaa vinyweleo. Usumba hautaki hivyo, wenyewe unapotwa kwa viganja.

Tafsiri_Taratibu
Orodha inasema "distaff, with tow". Nilikuwa nimeandika "fimbo yenye kamba ya kuvutia". Naifuta sasa hivi.

Korona Namba Mbili
Ukifuta, tow andika "nyuzi fupi za kitani", usiache peke yake. Tanga watadhani ni mkonge.